Bi Opareta, Aliyeusikiliza Mji

Siku alipokuja kusajili laini yake ya simu kwa alama za vidole, Bi Opareta alikitazama kidole chake kwa muda mrefu kabla ya kukiweka juu ya mashine yangu, kama mtu anayemkabidhi mwanawe kwa mpiga sindano. Mimi nilikuwa kibandani kwangu, chini ya jumba letu la Michenzani, nyuma ya meza ya vocha. Nyuma yake walisimama watu sita ambao subira yao ilikuwa imeanza kuisha.

"Hiki nnakuazima tu," aliniambia. "Ukimaliza nakitaka."

Mashine ikakataa kukisoma. Akakipangusa kwa upindo wa kanga, akakiweka tena, ikakataa tena. Nikamjaribu gumba, nikamjaribu cha shahada, nikahamia mkono wa kushoto. Miaka ya kukuna nazi na kufua ilikuwa imezifuta alama zake zote. Mwengine angeudhika. Yeye uso ulimng'ara.

"Mashine yako ina adabu," alisema. "Imeona mambo ya mtu, imefumba macho."

Ilibidi aje siku tatu. Siku ya tatu kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikakubali kusomeka, na laini ikasajiliwa. Alipanda ngazi akikisuta kidole hicho kimoyomoyo, midomo ikimcheza, na nadhani hakukisamehe kabisa.

Jina lake tulilijua, lakini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Bi Opareta kwa sababu ya kazi aliyoifanya kabla ya kustaafu. Zama hizo ukitaka kuzungumza na mtu wa Pemba au wa Mombasa ulinyanyua mkono wa simu, akakuitikia mwanamke, ukamtajia nambari, naye akachomeka waya kwenye tundu. Yeye ndiye aliyekuwa mwanamke huyo. Alikaa mbele ya ule ubao wa matundu miaka na miaka, na alipostaafu alitoka na mgongo unaouma na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea, kwamba hakuna simu ya watu wawili.

"Simu ni ya watu watatu," alikuwa akituambia. "Wawili wanazungumza, mmoja amenyamaza."

Na kwa kuwa alilelewa vyema, huyo wa tatu hakumwacha bila ya salamu. Binti yake akimpigia kutoka Dar es Salaam, Bi Opareta aliitika, akapokea shikamoo yake, kisha akaongeza, "Na wewe mwenzetu uliye katikati, assalamu alaykum. Ushakula?" Mwezi wa Ramadhani alimtakia futari njema. Simu ikikatika ghafla, kama zinavyokatika simu zetu, alimwombea uzima na kusema labda amekwenda kuswali. Binti yake alikwisha kuacha kubishana naye. Aliniambia siku moja kwamba na yeye sasa anamwonea huruma huyo mtu, maana kama yupo kweli, basi ameshayasikia maelezo ya mgongo wa mama yake zaidi ya daktari yeyote.

Simu yenyewe aliifungia ndani ya kopo la biskuti, na kopo akaliweka kabatini chini ya mashuka. Iliyokuwamo ilikuwa simu ya vitufe, haina kamera wala chochote, na kwa kweli haikuwa na siri ya kutoa. Ukimpigia ulisubiri mpaka alisikie kopo likinguruma, aondoe mashuka, afungue kifuniko. Watu wengi walikata tamaa mapema. Alihesabu hilo kuwa faida.

Alipolazimika kusema jambo lolote lenye maana, alilisema kwa mafumbo. Hayo mafumbo ndiyo yaliyotuletea mkasa wa Bwejuu. Mtungi wake wa gesi ulikwisha, naye akataka binti yake amtumie fedha anunue mwengine. Mwanamke mwengine angesema gesi imekwisha. Bi Opareta alisema, "Yule mnene wetu amekata pumzi. Fanya upesi." Sasa wana mjomba wao Bwejuu, mtu wa mwili, ambaye ukoo mzima unamwita Mnene. Binti alipanda boti ya mwanzo na ndugu zake wawili, kanga za msiba mabegani, wakakodi gari moja kwa moja mpaka Bwejuu wakilia njia nzima, wakamkuta marehemu barazani anakula muhogo kwa papa. Mjomba alifurahi kupita kiasi. Aliwauliza nani kalia zaidi, akawalazimisha walale siku mbili. Bi Opareta alipoletewa lawama hakutikisika hata kidogo.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Kama nyinyi wanangu hamkufahamu, na yule wa katikati hakufahamu."

Wengi jumbani walimwona mtu wa kuchekesha, na mimi nilikuwa mmoja wao. Siku moja mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu wa ghorofa ya chini, alikuja kununua vocha akamkuta Bi Opareta kakaa kwenye kigoda changu. Akaanza kumchokoza.

"Bibi, serikali haina haja na habari za mgongo wako. Wanatafuta wahalifu. Mtu asiye na la kuficha anaogopa nini?"

"Naam," nikadakia mimi, kwa kuwa nilikuwa na mdomo mwepesi. "Mimi kwa mfano, sina la kuficha."

Bi Opareta akanyoosha mkono. "Basi nipe simu yako, mwanangu. Nimsomee mwalimu ujumbe wako wa wiki hii, kwa sauti."

Nilitaka kucheka, lakini mkono wangu ulikuwa umeshaifunika simu. Hamkuwa na dhambi ndani yake. Mlikuwa na maneno yangu na dada yangu juu ya wifi yetu, picha ya kipele niliyompelekea daktari, na ujumbe nilioandika kwa mume wangu nikaufuta kabla haujaenda. Mwalimu akautazama mkono wangu, na mimi nikautazama, na huyu bibi akatuangalia sote wawili kwa upole.

"Hapana haja," alisema. "Mwalimu, tulete na yako?"

Mwalimu alisema vocha atakuja kuichukua baadaye.

Msidhani nasimulia habari za mtu asiyepata kusikiliza ya watu. Hapo ndipo palipokuwa na ajabu yake. Sikio la Bi Opareta lilikuwa halina mfano Michenzani nzima. Alijua nani anapanda ngazi kwa mwendo wake, na kama ametoka kazini au ametoka kugombana. Madirisha yetu ya jiko yamefuatana, langu chini na lake juu, na mwaka ule mimi na mume wangu tulipokaribia kuachana, maneno yetu yote yalikuwa yanapanda kwake kama mvuke wa wali. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo sijaliona kwa jirani mwengine. Tulipoanza tu kupandishiana sauti, alilifunga dirisha lake kwa kishindo, paa, ili tusikie na sisi kwamba limefungwa. Siku za joto kali alilifunga vilevile, akakaa ndani akijipepea. Hakuniuliza kitu, wala hakumsimulia mtu. Tulipopatana, dirisha likarudi kuwa wazi.

Wala hakuwa mtu wa kusema kila usikilizaji ni ubaya. Alikuwa na kisa alichokisimulia kwa kujivuna, cha siku alipowaunganisha watu wawili, akasahau kujitoa kwenye waya (hiyo "kusahau" aliitamka bila ya aibu), akawasikia wakipanga kulichoma moto ghala moja la karafuu ambalo mlinzi wake alikuwa akilala humo na watoto. Alikwenda kusema mchana uleule. Wakakamatwa na madumu ya mafuta.

"Nlisema, na ningelisikia leo ningesema," alituambia. "Mtu anayetaka kuchoma wenzake, huyo msikilizeni. Lakini nendeni kwa hakimu mumtaje, jina lake, yeye peke yake, na hakimu aseme haya, au aseme hapana. Si kuusikiliza mji mzima halafu mkatafuta ndani yake nani wa kumtia makosani."

Hayo tuliyachukua kama tulivyoyachukua mengine yake. Tulitikisa vichwa, tukaenda zetu. Kisha yakamfika ndugu yangu.

Ndugu yangu mdogo Khamis alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Kendwa. Ni mpishi hodari na ni mtu wa majisifu, na nadhani hayo mawili hayaachani. Wiki moja hoteli ikapewa habari kwamba Jumamosi atakuja kula chakula cha mchana mgeni mkubwa wa serikali. Khamis akapewa kazi ya pweza. Furaha ikamjaa. Jioni akachukua simu akawarikodia sauti wenzake wa kundi lao la wapishi, watu kumi na wanane. Katika maneno yake mengi alisema hivi: "Wallahi nawaambieni, huyu mkubwa akija Jumamosi namtilia kitu kwenye pweza, akionja mara moja tu, basi, habari yake imekwisha."

Ijumaa asubuhi walikuja watu wawili jikoni wakamchukua na simu yake. Hakuvua hata aproni.

Nilipata habari kabla ya adhuhuri. Nilifunga kibanda, nikakaa kwenye ngazi, nikalia, kwa sababu sikujua ninapaswa kwenda wapi wala niseme nini. Mume wangu alikuwa safarini. Mwalimu alinipa pole kisha akanishauri nisimpigie mtu simu, akaingia kwake haraka. Aliyenikalia pembeni ni Bi Opareta. Aliniuliza maneno yenyewe yalikuwaje, kwa utaratibu. Rafiki yake Khamis mmoja alikuwa bado nayo ile sauti, akanipelekea, nikamsikilizisha bibi yote, dakika tatu na kitu, kichwa chake kimeinamia simu. Alipoisikia mpaka mwisho alisimama.

"Ngoja nivae baibui," alisema. "Twende."

Kituoni kwa polisi tulikaa kwenye benchi Ijumaa yote iliyobaki, tukaambiwa turudi. Jumamosi tukarudi. Saa nne tukaitwa na askari mmoja wa makamo mwenye miwani, mtu mstaarabu, aliyemwamkia Bi Opareta shikamoo kabla ya kukaa. Mbele yake palikuwa na karatasi moja.

"Marahaba, baba," alisema Bi Opareta. "Unayo sauti, au unayo karatasi?"

Askari akaitazama karatasi yake. "Nnayo karatasi, bibi."

"Nani aliyeiandika?"

"Hilo siwezi kukwambia."

"Jina lake silitaki. Nauliza, aliisikia sauti mpaka mwisho?"

Yule bwana akanisomea mimi lile neno, "namtilia kitu", na lile "habari yake imekwisha", akaniuliza kama ndugu yangu ana chuki na mtu yeyote. Maneno yaleyale yaliyokuwa majigambo nilipoyasikia kwa sauti ya Khamis, yaliposomwa na mtu mwengine kutoka kwenye karatasi yalikuwa maneno ya muuaji.

"Bibi," askari akamgeukia Bi Opareta, "tufahamu na sisi. Hii ni kazi ya usalama. Likitokea kweli, na sisi tulikuwa nayo karatasi tukanyamaza, nani atabeba lawama?"

"Una haki," alisema. "Likitokea kweli, utakuwa umefanya kazi yako na mie ntakuja hapa kukushukuru. Ndiyo maana nakuomba, isikilize. Watu wanalalamika mnasikiliza sana. Mie nasema mnasikiliza kidogo mno. Nenda kasikilize mpaka mwisho, na juu ya hiyo karatasi, kabla ya neno lolote, andika: ni mpishi."

"Hiyo imo kwenye maelezo yake, bibi."

"Iandike juu! Hapo, juu!"

Nilikuwa sijapata kumsikia akipandisha sauti kabla ya siku hiyo. Kidole chake kilikuwa kinagonga karatasi ya watu, na macho yamejaa machozi. Nilimshika mkono nikidhani sasa tutafungwa sote. Askari alimtazama, akachukua kalamu, akaandika juu. Kisha akaingia chumba cha ndani.

Zilipita kama dakika tano. Ukutani tukasikia kwa mbali sauti ya Khamis ikijigamba. Baada ya "habari yake imekwisha" alikuwa ameendelea, "Atakuwa anarudi kila wiki, mpaka mwisho atanichukua niwe mpishi wake, na nyinyi mtabaki hapohapo mnamenya viazi. Kitu chenyewe ni ukwaju wa mama na binzari nyembamba, na mkiniomba siwapi." Kisha tukasikia mtu anakohoa kikohozi cha kuzuia kicheko. Yule askari alitoka uso umemkauka kama wa imamu.

Khamis aliachiwa jioni ileile. Mgeni mkubwa alikuwa amekwisha kula na kuondoka, pweza akipikwa na mtu mwengine. Hoteli ikamwambia kwa adabu kwamba nafasi yake imejazwa. Simu alirudishiwa baada ya wiki mbili. Mpaka leo hatujui ile sauti ilifikaje. Labda mmoja wa wale kumi na saba aliipeleka, labda kwa sababu ya ziara ile kulikuwa na watu wanasikiliza. Kutokujua kwenyewe ndiko kulikomla ndugu yangu. Aliwapitia wenzake mmoja mmoja kichwani, akawashuku wote, na wao nadhani walishukiana. Kundi lao halikuvunjika, lakini sasa linatumiana dua za asubuhi na picha za mawaridi, na hakuna tena anayejisifu kwa pweza. Yeye amepata kazi Bwejuu, anapika vizuri vilevile, ila kimyakimya.

Lakini nataka kusema habari ya jioni ile tulipokuwa tunarudi. Khamis alikuwa amekwenda kwa mama. Mimi na Bi Opareta tulifika chini ya jumba letu, na badala ya kupanda alikaa kwenye ngazi ya mwanzo, akavua viatu.

"Mie nshawahi kuiandika karatasi kama ile," alisema.

Nikakaa chini yake. Akanieleza kwamba zama za kazi yake alikuwa akija bwana mmoja na nambari za simu kwenye kikaratasi. Nambari hizo zikiita, yeye asijitoe kwenye waya, na alichosikia akiandike. Hakuambiwa kwa nini. Alikuwa na hati nzuri, ndiyo maana alichaguliwa, na siku zile aliona fahari. Kwa miezi aliandika habari za bei ya samaki na ugomvi wa mawifi. Kisha siku moja kabla ya Sikukuu, ikaita nambari ya mtengenezaji saa wa Mji Mkongwe, akizungumza na mwenzake wa Mombasa.

"Akamwambia, zote nne zimefika salama, nimezificha chini ya kitanda. Tatu zinapiga vizuri, moja bado naishughulikia. Lakini siku ya Sikukuu, saa sita, inshallah zitapiga zote kwa pamoja."

"Saa za ukutani," nikasema.

"Saa za ukutani. Tajiri mmoja kawaagizia mabinti zake wanne, na hataki wazione kabla ya siku. Mie niliandika neno kwa neno. Sikuongeza, sikupunguza. Walioisoma wakaona bunduki."

"Lakini wewe ulijua ni fundi saa?"

"Mji mzima ulijua. Hii saa yangu ya mkononi kanitengenezea yeye."

"Kwa nini hukuandika?"

"Kwa sababu hakulisema kwenye simu. Nliambiwa niandike kilichosemwa." Alikuwa anazitazama nyayo zake. "Kakaa ndani miezi saba. Mamake alikufa mwezi wa tano. Wamemzika, na yeye yumo ndani."

Tangu siku hiyo hakupita tena uchochoro wa duka la fundi yule. Akiwa na shughuli upande wa bandarini alizunguka, na saa yake ilipoharibika aliiacha ilivyo, akaendelea kuivaa imesimama. Niliitazama mkononi kwake. Miaka yote ile nilidhani ni mapambo ya kizee.

"Nenda kamwambie," nilisema.

"Kwa simu?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku mbili zile tukacheka.

Hilo lilimchukua wiki sita. Wiki moja mgongo ulimzuia, wiki nyengine mvua, wiki ya tatu aligundua kwamba baibui lake lina tundu. Alhamisi moja baada ya alasiri alinishukia kibandani, amevaa baibui jipya, akasema, "Funga. Nikirudi ngazini sitashuka tena." Nikafunga.

Duka la fundi saa ni kichumba kidogo kwenye uchochoro usioweza kupitisha gari, mlango wazi, meza imeelekea nje. Alikuwa amekaa mwenyewe, mzee mwembamba, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Nje ya mlango wazee watatu walikuwa wanacheza dhumna kwa makelele. Bi Opareta alisimama mbele ya meza. Alimtolea salamu, akaitikiwa. Kisha akaanza, kwa ile sauti yake laini ya kazini.

"Sheikh, mie nilikuwa nafanya kazi mitamboni, kwenye simu. Ile simu yako ya Mombasa, ya zile saa nne, mie ndie niliyeisikiliza. Mie ndie niliyeiandika."

Mzee akatega sikio kwa kiganja. "Masikio yangu yamechoka, bibi. Sema kwa nguvu."

Aliyekuwa akifungia simu kwenye kopo aliwatazama wachezaji, akatazama madirisha ya juu, akarudia kwa sauti ya kawaida.

"Nini?" alisema mzee. "Simu ya nani?"

Mara ya tatu alipiga kelele. Uchochoro ni mwembamba na kuta ni ndefu, na sauti haikuwa na pa kwenda ila juu. "Simu yako! Ya saa nne za ukutani! Ulikuwa unasema habari za saa! Mie ndie niliyekusikiliza, nikaandika, wakakufunga! Hukuwa na kosa lolote!"

Dhumna zikanyamaza. Dirisha likafunguka juu, kisha jengine. Bi Opareta alibaki amesimama, anapumua kama aliyepanda ghorofa saba.

Yule mzee akakitoa kioo jichoni, akakiweka mezani taratibu.

"Nilisikia tangu mara ya mwanzo," alisema. "Nilitaka hawa wasikie." Aliwaonyesha wale watatu kwa kidevu. "Marafiki zangu hawa. Kila siku tunacheza. Na kila siku, tangu nilipotoka, najua wanajiambia, hawezi mtu kufungwa miezi saba bure, lazima palikuwa na jambo."

Mmoja wa wale wazee akainamisha kichwa. Mwengine alikuwa na jiwe la dhumna mkononi na hakujua aliweke wapi.

Bi Opareta akasema, kwa sauti ndogo sasa, "Naomba unisamehe. La kufungwa, na la mama yako."

Mzee akakipangusa kioo chake kwa kidole. "La kufungwa nimekusamehe hapa hapa, na mashahidi wapo," alisema. "La mama yangu siwezi kulizungumza uchochoroni. Njoo Jumatatu asubuhi. Njoo peke yako."

Jumatatu akaenda peke yake. Nilikuwa kibandani alipotoka na nilikuwepo aliporudi, karibu na adhuhuri, anatembea polepole, mtandio ameushusha karibu na macho. Mteja alikuwa mbele yangu akitaka kusajili laini, kidole kimeshawekwa kwenye mashine. Bi Opareta alisimama kidogo mbele ya meza yangu, kama mtu anayengojea swali. Lilikuwa ulimini mwangu, kisha nikalikumbuka dirisha lake. Nilimuuliza kama atakunywa chai. Alisema ndiyo, nikamtolea kigoda, akanywa mpaka ikaisha.